Meno Mangapi Yanakutosha? Mwongozo wa Gia kwa Aliyeikataa Friwili

Umeamua kung'oa friwili. Hongera sana, na poleni magoti, maana hamkuitwa kwenye kikao. Kuanzia leo pedeli zitazunguka kila gurudumu la nyuma linapozunguka: mlimani, mteremkoni, kwenye kona, na mbele ya mbuzi aliyeamua kusimama katikati ya njia. Miguu haitapata nafasi ya kutulia hata sekunde moja. Gia nayo ni moja tu, hiyohiyo ya asubuhi yenye upepo na hiyohiyo ya jioni ukiwa na begi zito mgongoni. Ndiyo maana meno mangapi yawe mbele na mangapi yawe nyuma ni uamuzi mzito kuliko rangi ya fremu, ingawa wengi huanza na rangi.

Mwongozo huu ni wa mtu wa barabarani: anayekwenda kazini, chuoni, sokoni, au anayezunguka mji jioni kwa raha zake. Nitawacheka watu kadhaa njiani, hasa wale wanaopima ubingwa wao kwa ukubwa wa sproketi ya mbele. Nawacheka kwa sababu nayaonea huruma magoti yao kuliko wanavyoyaonea wenyewe.

Hesabu haihitaji mwalimu. Hesabu meno ya sproketi ya mbele, gawanya kwa meno ya sproketi ya nyuma. Tia alama ya chaki kwenye jino la kwanza, la sivyo utazunguka na kulihesabu mara mbili, na kosa la jino moja kwa sproketi ya nyuma si dogo hata kidogo. Ukiwa na 48 mbele na 16 nyuma unapata 3: krenki ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu. Gurudumu la kawaida la baiskeli ya mbio, lenye tairi la milimita 25, lina mzingo wa takriban mita 2.1. Zidisha, uone kwamba kila mzunguko mmoja wa miguu unakupeleka mita 6.3. Sasa chukua 46 kwa 17: uwiano ni 2.7 na ushee, mita 5.7 kwa mzunguko. Chukua 42 kwa 18: 2.33, mita 4.9. Hizo mita ndizo unazozinunua dukani, na hizo ndizo za kumuulizia muuzaji kabla hujaulizia bei.

Ukiwasikia Waingereza na Wamarekani wakitaja gia kwa inchi, kwamba 48 kwa 16 ni inchi 81, usibabaike. Wamezidisha uwiano kwa kipenyo cha gurudumu, inchi 27. Ni urithi wa zile baiskeli za karne ya 19 zenye gurudumu kubwa la mbele, na pedeli zimefungwa moja kwa moja kwenye ekseli yake. Wakati ule gia yako ilikuwa kipenyo cha gurudumu lako, na kipenyo kiliamuliwa na urefu wa miguu uliyorithi kwa wazazi. Mwaka 1885 John Kemp Starley akaleta Rover, baiskeli yenye cheni na magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa, na mtu mfupi akaweza kuchagua gia ya mtu mrefu. Hapo pia ndipo watu walipopata uhuru wa kuchagua gia wasizoziweza.

Hao ndio ninaotaka kuzungumza nao. Kijana ameangalia mbio za velodromu, akaambiwa kwamba Filippo Ganna alitumia 65 kwa 14 alipoweka rekodi ya saa moja huko Grenchen, Uswisi, tarehe 8 Oktoba 2022, akakimbia kilomita 56.792. Ni kweli kabisa. Hiyo ni karibu mita 9.7 kwa kila mzunguko wa krenki. Basi kijana anatoka mbio kutafuta 53 kwa 13, akiamini ameshafika nusu ya njia ya kumkuta Ganna. Mdogo wangu, Ganna alikuwa ndani ya ukumbi, juu ya mbao laini. Hapakuwa na daladala, shimo, tuta, wala mtu anayevuka barabara huku macho yake yakiwa kwenye simu. Kwa saa nzima hakusimama hata mara moja. Wewe kutoka Mwenge hadi Posta, pale Dar es Salaam, utasimama mara ngapi? Na kila ukisimama utaanza upya kutoka sifuri, kwa gia ileile, mbele ya abiria wa basi zima wanaokutazama ukihangaika kuinuka kwenye kiti.

Mtazame Eddy Merckx, ambaye sijasikia mtu akitilia shaka mapaja yake. Mwaka 1972 alikwenda Mexico City akaweka rekodi ya kilomita 49.431 kwa saa moja. Gia yake ilikuwa 52 kwa 14, yaani mita 7.8 kwa mzunguko, na miguu yake ilizunguka zaidi ya mara 100 kwa dakika saa nzima. Uwiano wa Merckx ni 3.71. Uwiano wa kijana wetu wa 53 kwa 13 ni 4.08. Kwa maneno mengine, bingwa yule, kwenye njia isiyo na taa za barabarani wala mlima, alichagua gia ndogo kuliko anayoitaka mtu anayekwenda kununua mkate. Huko Japani nako, ambako mbio za baiskeli ziitwazo keirin zilianzia Kokura mwaka 1948 na watazamaji huweka dau, uwiano wa gia wa kila mwendeshaji huchapishwa kwenye karatasi ya mbio ili mwenye pesa yake aupime kabla ya kuitoa. Kwa miaka mingi gia iliyozoeleka huko ilikuwa 3.57, yaani 50 kwa 14, na hao ni watu wanaolisha familia kwa kazi hiyo.

Sasa tushuke kwa mwenye 48 kwa 16, ambayo ndiyo gia ya kwanza watu wengi hukutana nayo. Ukiizungusha mara 90 kwa dakika inakupa kilomita 34 kwa saa. Rekodi ya kwanza rasmi ya saa moja duniani iliwekwa Paris mwaka 1893 na Mfaransa Henri Desgrange, kilomita 35.325. Kwa hiyo anayesema atakwenda ofisini kwa 48 kwa 16 huku miguu ikizunguka vizuri, anakusudia kuingia ofisini kwa mwendo unaokaribia rekodi ya dunia ya mwaka ule. Asipofanya hivyo ataizungusha mara 60 kwa dakika, kilomita 22 au 23 kwa saa, akisukuma kila pedeli kwa uzito wa kiuno kizima. Huko ndiko kunakoua magoti. Goti linavumilia mizunguko mingi mepesi kuliko michache mizito, na halina spea.

Desgrange huyohuyo ndiye aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, na gia za kubadilisha hakuzipenda hata kidogo. Aliandika kwamba ni za watu waliopita miaka 45. Ni mwaka 1937 ndipo washindani wakubwa wa Tour waliporuhusiwa kutumia mtambo wa kuhamisha cheni. Kabla ya hapo walifanyaje kwenye milima ya Alpi na Pirenei? Walifunga sproketi mbili kwenye habu moja, moja kila upande. Wakifika chini ya mlima walishuka, wakafungua gurudumu la nyuma, wakaligeuza, wakakaza nati, wakapanda kwa sproketi kubwa. Kileleni wakashuka tena na kuligeuza upya. Waliokimbia siku nzima kwenye barabara za vumbi hawakuona haya kusimama kando ya njia ili wapate gia ndogo. Wewe unamwonea nani haya?

Mlima unapimika, tuupime. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kila mita 100 za njia zinakupandisha mita 8. Kwa 48 kwa 16, kila mzunguko wa krenki unauinua mwili wako, baiskeli, begi na chupa ya maji nusu mita kwenda juu. Miguu inapokezana, kwa hiyo kila mguu umepanda ngazi ya sentimita 25. Ngazi za majengo mengi zina urefu wa sentimita 17 au 18 tu. Ingia kwenye jengo refu, panda ngazi za sentimita 25 bila kupumzika, na usishike ukuta. Kwa 42 kwa 18 ngazi hiyo inashuka hadi chini kidogo ya sentimita 20, kazi ambayo mtu mzima anaweza kuifanya huku akijibu salamu. Anayeishi Bukavu, Kigali au Kampala haihitaji hesabu hii, anaijua kwa jasho. Aanze na 42 kwa 18, na akiona bado ni nzito ashuke hadi 40 kwa 18 bila kumwomba mtu radhi.

Watu wa pwani nao wasijione wamepona. Dar es Salaam, Unguja na Mombasa zina barabara nyingi tambarare, lakini zina kusi. Katikati ya mwaka, anayekwenda kusini kando ya bahari anapambana na upepo ambao hauna kilele wala mteremko wa kupumulia. Ukienda kilomita 25 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20, kifua chako kinakutana na hewa ya kilomita 45, na nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi: imezidi mara tatu ya ile ambayo ungekutana nayo siku ya shwari. Anayechagua gia siku ya shwari amejichagulia nusu ya mwaka tu. Chagua siku ya kusi kali, wakati wa kurudi nyumbani, ukiwa umechoka. Gia utakayoiweza saa hiyo ndiyo yako.

Mteremkoni mwenye meno mengi ana hoja ya haki, na ni lazima isikilizwe. Kwa kilomita 50 kwa saa, 53 kwa 13 inazungusha miguu mara 97 kwa dakika, mtu anashuka kwa starehe. 48 kwa 16 inazungusha mara 132. 46 kwa 17 mara 147. 42 kwa 18 mara 170, na kwa asiyezoea hapo makalio huanza kuruka juu ya kiti na macho kutoka. Pedeli haziulizi kama umechoka. Ukijaribu kuzisimamisha ghafla kwa kasi hiyo zitakurusha. Haya yote ni kweli. Lakini nani amekutuma ushuke kilomita 50 kwa saa katikati ya watu na baiskeli isiyo na friwili? Shika breki ya mbele tangu mwanzo wa mteremko, kabla kasi haijakushinda, ushuke kwa 30. Kwa 46 kwa 17 miguu itazunguka mara 88, mwendo wa kawaida kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo mwenye 53 kwa 13 hulisahau hadi siku anapolihitaji. Mguu unaosukuma mbele ndio pia unaozuia nyuma. Kadiri gia inavyokuwa kubwa, ndivyo nguvu ya mguu inavyofika tairini ikiwa imepungua. Mtu yuleyule, kwa mguu uleule, akizuia kwa 46 kwa 17 gurudumu lake linapata nguvu ya kusimama mara moja na nusu ya lile la 53 kwa 13. Gia kubwa inakupa kasi zaidi na kukunyang'anya uwezo wa kuizuia, yote mawili kwa pamoja. Mimi sijaona biashara mbaya kuliko hiyo kwenye baiskeli.

Kwa hiyo, kwa anayeanza, kwenye mji wa tambarare na vilima vya hapa na pale, nasema uwiano kati ya 2.5 na 2.8. Ukinilazimisha nitaje moja nitataja 46 kwa 17. Mwenye miguu myepesi achukue 44 kwa 17, na mwenye uzoefu na barabara nyoofu achukue 47 kwa 17. Utaona naing'ang'ania 17. Nina sababu, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika habari hii.

Waendeshaji wa baiskeli hizi hupenda kuburuza tairi. Mtu huegemea mbele hadi kiuno kikaribie usukani, uzito unaondoka nyuma, kisha hufunga miguu krenki ikiwa imelala sambamba na ardhi. Gurudumu la nyuma husimama, na tairi linaburuzika kwenye lami kwa ule mlio ambao vijana huupenda na wauza tairi huupenda zaidi. Sasa, miguu hufungwa karibu kila mara katika mkao uleule, mguu uleule mbele. Kwa 48 kwa 16, kila krenki inaporudi kwenye mkao huo gurudumu limezunguka mara tatu kamili, si zaidi si pungufu. Maana yake sehemu ya tairi iliyogusa lami jana ndiyo itakayogusa leo na kesho. Lishike tairi la mtu wa namna hiyo ulizungushe polepole mkononi. Mpira ni mzima, mistari yake inaonekana, mzima, mzima, halafu ghafla kidole kinateleza kwenye bapa lenye urefu wa kiganja, na katikati yake nyuzi za kitambaa zimeshachungulia. Tairi zima linatupwa kwa ajili ya kiganja kimoja.

Dawa yake ni hesabu ya darasa la tano. Andika meno kama sehemu, ya mbele juu na ya nyuma chini, kisha irahisishe mpaka isiwezekane tena. Namba inayobaki chini ndiyo idadi ya sehemu za tairi zitakazogawana mburuzo. 48 kwa 16 inakuwa 3 kwa 1: sehemu moja. 48 kwa 18 inakuwa 8 kwa 3: tatu. 44 kwa 16 inakuwa 11 kwa 4: nne. 46 kwa 16 inakuwa 23 kwa 8: nane. 46 kwa 17 haipungui popote, kwa hiyo ni 17. Na kama unaweza kuburuza mguu wowote ukiwa mbele, tazama namba ya juu baada ya kurahisisha: ikiwa ni witiri, idadi inazidishwa mara mbili. 47 kwa 17 inakupa sehemu 34. Uzuri wa 17 ni kwamba ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kwa hiyo inakubaliana na karibu kila sproketi ya mbele utakayoikuta, isipokuwa 34 na 51. 19 ina tabia hiyohiyo kwa watu wa milimani. Hakuna uamuzi mwingine kwenye baiskeli unaoongeza maisha ya tairi kiasi hiki bila kuongeza hata shilingi.

Lakini kuburuza si breki. Unapopunguza mwendo, uzito wote hukimbilia mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi, ndiyo maana linateleza kirahisi. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli. Uingereza kanuni za mwaka 1983 zinataka mifumo miwili ya breki. Miguu kwenye gia isiyo na friwili inakubaliwa kuwa ule wa nyuma, na bado breki ya mbele lazima iwepo. Wako wanaoivua kwa sababu eti inaharibu sura ya baiskeli. Baiskeli iliyo chini ya uvungu wa lori ina sura mbaya zaidi. Funga breki.

Umeshapata uwiano, bado kuna ukubwa. 39 kwa 13, 42 kwa 14, 45 kwa 15 na 48 kwa 16 zote ni 3, na miguu haitaona tofauti. Cheni itaona. Sproketi ya mbele ikiwa ndogo, cheni huvutwa kwa nguvu kubwa zaidi kwa msukumo uleule wa mguu: ukitoka 48 kwenda 42 mvuto unaongezeka kwa karibu asilimia 14. Na nyuma, meno 13 yanabeba kazi ambayo ingebebwa na 16, kila jino linabeba mzigo mkubwa zaidi, linalika mapema na kuchongoka. Sproketi ndogo ni nyepesi kwa gramu chache. Asiyeshindana na saa hana haja na gramu hizo, achukue kubwa.

Upana wa cheni ni neno fupi. Kuna cheni ya inchi 1/8 na ya inchi 3/32. Ile pana inakaa juu ya meno membamba, ila ile nyembamba haikai juu ya meno mapana, kwa hiyo ukiwa na shaka nunua pana. Na usikubali fundi akuambie kwamba cheni au sproketi ya bodaboda itafaa kwa sababu imara. Cheni ya namba 428 ya pikipiki ina umbali uleule wa pini na pini, milimita 12.7, na hapo ndipo mafundi wanapodanganyika. Upana wake na unene wa rola zake ni vingine kabisa.

Krenki nazo: fupi ni bora. Pedeli zinaendelea kuzunguka hata kwenye kona, na krenki ndefu huichapa pedeli ardhini wakati umelala upande mmoja. Milimita 165 zinatosha watu wengi. Marehemu Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008 na ambaye alifundisha watu wengi mambo ya baiskeli hizi, alipendekeza urefu wa krenki uingizwe kwenye hesabu ya gia yenyewe, na alikuwa na haki, kwa kuwa mguu unaisikia gia kupitia krenki.

Kabla ya kufunga, tazama habu. Baiskeli nyingi zinazouzwa kwetu zina habu ya friwili, yenye nyuzi za aina moja tu. Habu ya gia isiyo na friwili ina ngazi mbili: nyuzi pana zinazokaza kulia, za sproketi, na juu yake nyuzi nyembamba zinazokaza kushoto, za ringi ya kufungia. Sababu ni nzuri sana ukiitazama. Unapozuia pedeli, sproketi hutaka kufunguka kuelekea kushoto. Ikisogea inaisukuma ringi, na ringi kwa kusukumwa upande huo inazidi kukaza. Sproketi iliyofungwa kwenye habu ya friwili haina mlinzi huyo. Siku utakapozuia kwa nguvu zote itajifungua yenyewe, pedeli zitazunguka bure, na gurudumu litaendelea na safari yake. Gundi haitoshi. Kuchomelea ni kuharibu habu. Nunua gurudumu lenye habu yake, na ikiwezekana lenye nyuzi pande zote mbili, uweke 17 huku na 19 kule.

Kila jino unaloongeza linasogeza ekseli milimita 3 hivi kwenda mbele, kwa hiyo kata cheni huku gurudumu likiwa katikati ya nafasi yake, ili 17 na 19 zote zipate pa kukaa. Kisha zungusha krenki polepole utafute mahali cheni inapokaza zaidi, kwani sproketi ya mbele ni nadra kuwa katikati kabisa. Hapo, cheni iachwe na mchezo wa kama sentimita moja juu na chini. Ikilegea zaidi inaweza kuruka na kulifunga gurudumu ukiwa kwenye mwendo. Na usilete kidole, kitambaa wala mswaki karibu na cheni hiyo gurudumu likizunguka. Friwili ingekuhurumia. Hii itakivuta kidole hadi kati ya jino na rola, na uzito wa gurudumu utamalizia kazi. Watu wamepoteza ncha za vidole kwa kupangusa vumbi.

Paka grisi kwenye nyuzi, kaza sproketi kwa wenzo wenye cheni hadi igome, kisha ringi kwa spana yake. Nenda ukapande mlima mmoja mkali, umesimama juu ya pedeli, bila kuzuia wala kuburuza. Sproketi itazidi kuingia ndani kwa nguvu za miguu yako, na ringi uliyoikaza nyumbani itabaki imelegea. Rudi na spana, uikaze tena siku hiyohiyo.